Mkataba wa Maji Tulioufumbua Jeddah

Mamangu alinitumia mkataba wa maji ya mji wetu kwa simu, picha moja baada ya nyingine, kurasa zimetandazwa juu ya jamvi na kwenye mbili tatu kidole gumba chake kimeingia. Nilikuwa Riyadh, chumbani kwangu mtaa wa Malaz, nimetoka tu mtaa wa Olaya kwenye kazi yangu ya ukarani. Chini ya picha akaweka sauti yake: "Mwanangu, huu mkataba unatuuma na hatujui meno yake yako wapi. Tusomee."

Mji wetu uko pwani ya Kenya. Maji yake, pamoja na chemchemi iliyokuwapo kabla ya babu zetu, yalikuwa yamekodishwa kwa kampuni moja, na sasa kampuni ilitaka iongezewe muda. Kina mama waliokuwa wakipanga ndoo foleni tangu alfajiri walisema basi, maji yarudi mikononi mwa umma. Kikao cha wananchi kutoa maoni mbele ya madiwani kilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile.

Kiingereza cha mawakili kilinishinda. Alhamisi nilipotoka kazini nikapanda ndege hadi Jeddah kwa mama mdogo, ndugu yake mamangu, ambaye ni mkalimani hospitalini. Kazi yake ni kumweleza mgonjwa mwenye hofu maneno ya daktari, kwa hiyo ule mkataba haukumtisha. Ijumaa baada ya sala tulikaa sakafuni tukauandika upya kwa Kiswahili, huku tukibishana na kucheka. Nilipoandika "mkodishwaji", alilikata akaandika "kampuni". Alasiri tukafika mahali palipomfanya aweke kalamu chini: hakuna mtu aliyeruhusiwa kuchota chemchemini bila idhini ya kampuni.

"Meno haya hapa," akasema.

Tulimsomea mamangu yote kwenye simu, naye akayanakili daftarini.

Jumamosi jirani yake mmoja aliweka simu wazi ukumbini ili nasi tusikilize. Mamangu hajawahi kusema mbele ya watu, hata kwenye harusi zetu wenyewe. Alisoma kifungu kile polepole, na madiwani wakaanza kupekua makaratasi yao, maana hata wao wengi hawakuwa wamekisikia. Wakili wa kampuni akamwuliza, kwa upole, sheria kaisomea wapi.

"Sikusoma sheria," mamangu akajibu. "Nimeteka maji pale tangu nina miaka sita, na sikujua kama natakiwa kuomba ruhusa."

Kabla ya adhuhuri madiwani walipiga kura. Kampuni haikuongezewa muda. Maji yalirudishwa kwa mji, chini ya bodi ambayo watumiaji nao watakuwa na viti vyao.

Tulipiga vigelegele mpaka mama wa Kimisri wa mlango wa pili akaja kuuliza nani anaolewa. Mama mdogo akamweleza kwa Kiarabu kwamba mji wetu umerudishiwa maji yake. Yule mama akageuka akaenda zake, nami nikadhani tumemkera. Kumbe alikwenda kuchukua sinia la keki tamu ya basbusa, na aliporudi akapiga kigelegele cha kwao, kirefu kuliko vyetu vyote.

Mamangu alichaguliwa kwenye bodi. Siku hizi kumpata simuni ni shida. Nikipiga, anapokea kwa kunong'ona kwamba yuko kikaoni, nimpigie baadaye.