Hesabu Alizozifuta Sifuri

Chumba cha mitambo cha hospitali yetu kimepoa. Feni za swichi zinavuma kama zamani, lakini ile sauti ya mtu anayesoma tarakimu kwa kunong'ona, kama anayembembeleza mgonjwa, haisikiki tena.

Tulimwita Sifuri. Kwa miaka kumi na tisa aliangalia swichi za mtandao zinazopitisha taarifa za kompyuta kutoka chumba hadi chumba. Picha ya eksirei husafiri ikiwa imekatwa vipande vidogo, pakiti, na kila mlango wa swichi, pale waya unapochomekwa, huhesabu pakiti zilizodondoka njiani. Kila siku saa moja asubuhi Sifuri alizifuta hesabu za jana bila kuzitazama, akanywa chai, ndipo akasoma. Sifuri, sifuri, sifuri. Aliandika hivyo kwenye taarifa yake, akapumua. Alikuwa mtu aliyechoka, na sifuri humpumzisha mtu.

Mdogo wake wa kike alikuwa mpiga picha za eksirei humo humo. Mwaka wa mwisho wa Sifuri pale, picha zake zilianza kumfikia daktari nusunusu, pafu limekatika katikati. Alipewa barua ya onyo, kisha ya pili. Ya tatu ingemtoa kazini.

"Kaka, mashine yangu nzima. Njia yako ndiyo inakula picha."

"Milango yangu misafi, mdogo wangu. Nimeiangalia leo."

"Saa ngapi?"

"Saa moja, kama kawaida."

"Saa moja hata mimi mtakatifu. Wagonjwa wanaanza kuingia saa tatu."

Sifuri hakucheka. Kesho yake hakufuta kitu; aliziandika hesabu za jana pembeni, ili ahesabu za siku hiyo peke yake. Alivuta kiti mbele ya swichi, akakaa. Saa tatu mlango wa kumi na nne, unaotoka eksirei, ulidondosha pakiti arobaini. Saa tano, mia saba. Kufika adhuhuri zilikuwa zimepita elfu tisa. Za miezi iliyopita zilishamwagika, na maji yakimwagika hayazoleki.

Alipeleka karatasi ya hesabu hizo kwa mkuu wa idara. Mkuu aliifungua taarifa ya zamani, akaiweka kando ya ile mpya.

"Miezi minane ya malalamiko umeandika sifuri. Ulidanganya wakati ule, au unadanganya leo?"

"Sikudanganya, mkuu. Nilikuwa nafuta kabla ya kusoma."

"Unajua ukisema hivyo kosa linahamia kwa nani?"

"Najua."

"Basi liandike, utie sahihi."

Aliandika polepole, mgongo umepinda, kama mtu anayevua viatu baada ya safari ndefu. Jioni dada alimkuta nje akiwa amekaa kwenye ngazi.

"Ungesema swichi imezeeka tu, kaka. Nani angejua?"

"Wangenunua mpya, nami ningeendelea kufuta. Twende nyumbani, miguu inauma."

Barua za onyo za dada zilifutwa. Yeye bado yuko chumba cha eksirei. Sifuri yuko bohari, ghorofa ya chini, anapokea maboksi ya glavu na pamba.