Ubao wa Paa la Maabara

Miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha fizikia katika shule ya wasichana huko Lambwe. Siku moja nilisoma katika gazeti kuukuu habari za setilaiti iliyobeba vipande vya plastiki, rangi na vyuma. Ilikaa angani karibu miaka sita, kisha ikarudishwa duniani ili wataalamu waone kilichodumu. Chembe za oksijeni za huko juu zilikuwa zimeila plastiki ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, na jua lilikuwa limegeuza rangi nyeupe kuwa kahawia.

Niliwasomea habari hiyo wasichana wa kidato cha tatu. Msichana mmoja, binti wa mvuvi wa Kisegi, alisema anga hatuifikii, lakini jua tunalo. Basi tukapigilia kwenye ubao mmoja kipande cha wavu wa nailoni, cha jerikeni na cha bati lililopakwa rangi, tukauweka juu ya paa la maabara. Kila mwezi alipanda ngazi, akapima, akaandika.

Mwezi wa saba tangu tuanze, ubao haukuwepo. Niliukuta nyumbani kwa naibu wa mwalimu mkuu, umefanywa mlango wa banda la kuku, vipande vyetu vimegandamana na kinyesi.

Nilimkuta ofisini akila samaki. Hakuona haya. Alinionyesha karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya mashindano ya sayansi: vipimo vya miaka miwili mizima.

"Mwalimu," akasema, akilamba vidole, "kwani majaji watapanda paa?"

Niliichukua karatasi, nikatoka. Nilimchukia yeye, lakini nilijichukia zaidi, kwa sababu karatasi ile nilimkabidhi msichana kwa mkono wangu.

Kule Homa Bay, kwenye mashindano, msichana alisimama mbele ya majaji, akaitazama karatasi, akaikunja.

"Hivi vipimo si vyangu," alisema. "Mimi nilipima miezi sita. Nailoni imeanza kukatika. Hayo mengine siyajui."

Hatukupata kitu. Naibu alimfukuza shule kwa wiki mbili, eti ameiaibisha. Nilimsindikiza hadi kwao, nikamweleza baba yake yote, pamoja na kunyamaza kwangu. Mzee aliendelea kushona wavu wake.

"Na wewe, mwalimu," akauliza bila kuinua macho, "bado unafundisha pale?"

Muhula ulipokwisha niliomba uhamisho.