Kabichi Zilizohama Shule

Nilipoanza ualimu mjini Njombe, wakati wa Waingereza, nilikabidhiwa bustani ya shule. Bwana Shamba angekuja kuikagua, nami nilikuwa bado natazamwa kama kazi naiweza. Basi nikawaagiza wanafunzi wavute kamba, tunyooshe matuta kutoka juu ya mteremko hadi chini, yapendeze kutoka barabarani. Watoto wale wa wakulima walitazamana, wakatii.

Nimweleze asiyelima: tuta hulazwa kukingama mteremko ili lizuie maji. Mimi nilikuwa nimeyachimbia maji barabara. Mvua ya kwanza ilizoa miche yote ya kabichi, ikaishusha uani kwa mama mmoja muuza viazi aliyeishi chini ya shule. Asubuhi nilimkuta amekwisha kuipanda upya, matuta yamekingama vizuri.

"Kamwene, mwalimu," alinisalimu. "Wageni wako wamefika salama."

"Mama, nirudishie tafadhali. Bwana Shamba anakuja leo!"

"Uwapeleke wapi? Wakateleze tena?"

Kabla sijajibu, Bwana Shamba alikuwa nyuma yetu, anayasifu matuta. Akauliza bustani ni ya nani.

Mama alinitazama, kisha akamgeukia.

"Ya shule, bwana. Kule juu pana mteremko mkali, nikawaazima uwanja."

Bwana Shamba aliandika kwenye daftari lake, akanipa mkono, akaenda zake.

"Haya," mama akasema, "kalete jembe nikufundishe. Na wanafunzi wako waje."

Nilikwenda na jembe, na darasa zima likaja kucheka.