Mkono Nilioinua Benchi la Nyuma

Mimi si mtu wa kunong'ona. Nilipoamua kusomea uongozi wa shule, nilitangaza mezani, lituma ya ndizi za kupondwa na samaki vikiwa mbele yetu, na sikumwomba mtu ruhusa. Mume wangu aliendelea kula. Mama yangu, aliyekuja Kisangani kutoka Maniema akiwa bado msichana na ambaye hajawahi kukosa la kusema, alicheka mpaka akafuta macho. Aliniambia ukubwa ni jalala, kila takataka ya shule itaishia kichwani mwangu. Nilimjibu kwamba jalala ninalo tayari, kinachokosekana ni ufunguo wa ofisi.

Nilikuwa nafundisha hesabu katika shule ya sekondari Mangobo, na kiti cha préfet, yaani mkuu wa shule, kilikuwa kitupu tangu aliyekikalia ahamishwe. Wenye shule walinitaka mimi. Ila walitaka niwe na shahada ya master kwanza, na wakaniambia waziwazi kwamba wataningoja mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Ukipita huo, watamleta mtu kutoka kwingine. Nilikuwa nimeshaona watu wa kutoka kwingine. Wanafika na mkoba, wanaondoka na mkoba, na paa linaendelea kuvuja pale pale.

Basi kila Jumamosi, nikiwa bado na chaki ya wiki nzima kwenye kucha, nilipanda pikipiki kwenda chuoni. Tulikuwa darasa la walimu watupu, na hakuna wanafunzi wabaya kama walimu. Tulichelewa, tulipiga soga, tulimkatiza mhadhiri katikati ya sentensi. Kila mmoja wetu aliamini kuwa shule za nchi hii zingenyooka siku ambayo yeye angekabidhiwa ofisi, na mimi niliamini hivyo kuliko wote. Mhadhiri wetu, kijana mwembamba asiyelegeza tai hata joto likiwa kali, umri wake sawa na mdogo wangu wa mwisho, alitusikiliza kwa upole. Halafu alitupa kazi ya stage, yaani mazoezi ya vitendo mashuleni, na upole ukaisha.

Lazima nieleze jinsi visite, ukaguzi wa darasani, inavyofanyika kwetu. Mkuu wa shule anaingia darasani, watoto wanasimama na kumsalimu kwa wimbo, anakaa nyuma, anaandika andika, anatoka. Baadaye anamwambia mwalimu: courage, endelea hivyo hivyo. Wanakunywa kitu baridi, na mwaka unapita. Kama mwalimu ni mzee, ndiyo kabisa. Mtu mwenye mvi haambiwi kwamba somo lake lina tundu, hasa na mtu aliyemzidi kwa cheo lakini si kwa miaka.

Mhadhiri wetu alitaka kuuvunja mchezo huo. Kila mmoja wetu angemtembelea mwalimu mmoja darasani, kisha angeketi naye na kumwambia ukweli uso kwa uso, naye mhadhiri akiwa pembeni. Wiki iliyofuata angerudi katika darasa lile lile. Mwalimu alikuwa na haki ya kukukatalia mlango mara hiyo ya pili. Akikukatalia, stage yako imeanguka, unairudia mwakani.

Mwakani kwangu hakukuwepo.

Nilipangiwa shule niliyosoma mwenyewe, katika commune, yaani tarafa ya jiji, inayoitwa Kisangani kama jiji lenyewe, na mwalimu niliyepangiwa ni yule yule aliyenifundisha hesabu. Ni mtu wa Yanonge, wa ukoo wa wavuvi, mrefu, shati lake daima limefungwa mpaka kifungo cha juu. Yeye ndiye aliyewahi kusimama mbele ya baba yangu na kumwambia kwamba mtoto huyu asipelekwe sokoni kwa shangazi zake, ana kichwa cha hesabu. Baba alimsikiliza. Kama asingemsikiliza, leo ningekuwa nauza vitambaa, na bila shaka ningeviuza vizuri, lakini hadithi hii isingekuwepo.

Wenzangu walinishauri niombe kubadilishiwa. Mume wangu pia. Nilikataa. Nilisema mtu aliyenifundisha kunyoosha mstari hawezi kuogopa mstari ulionyooka. Mume wangu alimgeukia mama na kusema mtoto akililia wembe, mpe.

Asubuhi ya visite nilivaa kitenge cha sherehe. Watoto walisimama, wakasalimu, wakakaa. Mimi na mhadhiri tulijibana kwenye benchi la mwisho, karibu na binti mmoja mwenye nywele fupi ambaye alisogea mpaka ukutani ili atupishe. Nje pikipiki zilikuwa zinalia kama kawaida. Mwalimu wangu alishika chaki, akaanza.

Jamani, bado alikuwa mtamu. Sauti ile ile, mwandiko ule ule wa kwenye ubao, hata ile tabia ya kupiga hatua nyuma na kuutazama mlinganyo wake kana kwamba ni mtumbwi alioumaliza kuchonga. Somo lilikuwa juu ya delta, ile hesabu ndogo unayoifanya kwanza ili ujue kama mlinganyo una majibu mawili, una moja, au hauna kabisa. Nilisahau kuandika. Nilisahau mhadhiri. Nilikuwa msichana wa benchi la mbele, soksi nyeupe, namezea mate swali linalokuja.

Akageuka. Akauliza: delta ikiwa chini ya sifuri, tunafanya nini?

Mbele, mikono ikaruka juu, vidole vikaalika kwa mlio. Na huku nyuma mkono mmoja ukaruka pia, vidole vinaalika kuliko vyote, na sauti ikasema: "Moi, monsieur!"

Ulikuwa mkono wangu.

Aliinyoosha chaki kuelekea kwangu kabla hajafikiri, naye kwa mazoea. Nikasimama, kitenge na yote. "Hakuna jibu, monsieur. Tunasimama hapo."

"Très bien. Kaa."

Nikakaa. Darasa zima likaangua kicheko. Mhadhiri aliweka kalamu chini taratibu. Uso wangu uliwaka, na nilijikasirikia kwa hasira ambayo kwa kawaida naiwekea watu wengine. Mkaguzi mzima, ameinua mkono. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo niligeuza macho pembeni nitafute pa kuyaweka, na nikamwona yule binti wa ukutani. Yeye hakucheka. Hakuwa amefuata hata kidogo kilichochekesha. Nilimwinamia nikamuuliza kwa sauti ya chini delta ni nini.

"Sijue, mama," alisema. "Huku nyuma habaulizaka mutu."

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Kwa muda wote uliobaki nilitazama mahali chaki ilipoelekea. Ilikwenda kwa vidole vinavyoalika, na vidole hivyo vyote vilikuwa mbele. Nyuma yao kulikuwa na watoto wengi waliokaa kimya na kunakili, na mwalimu wangu, bila ubaya wowote moyoni, alikuwa hawaoni. Mkono pekee wa nyuma alioujibu asubuhi ile ulikuwa wa mama mzima mwenye kitenge cha sherehe.

Baada ya somo tuliketi katika ofisi waliyotuazima. Alinilazimisha nikae kwenye kiti kikubwa, yeye akachukua kile cha mgeni. Mhadhiri alikaa dirishani na hakusema neno, ndivyo sheria yake ilivyokuwa. Nilianza na mazuri, na yalikuwa mengi. Mzee alitabasamu, akaanza kuinuka. Ingekuwa rahisi sana kumwacha aende.

"Papa, ngoja," nilisema. "Leçon yako iko muzuri sana. Lakini inaishia pa banc ya tatu. Batoto ba nyuma hawakuulizwa hata kidogo."

Alikaa tena. Aliuliza kama nimekuja kumfundisha kazi, mimi ambaye alinishika mkono. Alisema asiyetaka kujifunza hainui mkono, na kwamba kwa njia hiyo hiyo alitoa wahandisi, madaktari, na hata mimi.

"Mi nilikuwa mbele, papa. Naweza kukutajia bote ba banc yangu. Ba nyuma siwezi hata mumoja. Na wewe?"

Alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta, kweli kabisa, macho yake yakienda kwenye pembe ya dari kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka kwa mikono yake mwenyewe. Kisha alijipangusa chaki vidoleni, akasimama, akatoka bila kuniaga. Katika maisha yangu yote hakuwahi kutoka bila kuniaga.

Mhadhiri alisema tu kwamba tutajua wiki ijayo.

Mama alipopata habari alitaka niende kwa mzee na mkungu wa ndizi nikapige magoti. Alinikumbusha ni nani aliyezungumza na baba yangu. Nilimwambia nakumbuka kuliko yeye. Ningeweza kuomba radhi kwa sauti yangu, ambayo huwa inatangulia heshima yangu, lakini siwezi kuomba radhi kwa jambo ambalo ni kweli. Na kama ningekwenda kulifuta kwa ndizi, basi wenye shule walete mtu wao wa mkoba, kwa sababu ningekuwa sina tofauti naye. Niliyasema hayo kwa kichwa kilichoinuka. Kisha nikaingia jikoni nikalia, si kwa sababu ya stage. Nililia kwa kuwa nampenda yule mzee, na nilikuwa nimeona macho yake yakitafuta na kukosa.

Siku ya visite ya pili ilipofika sikuvaa cha sherehe. Nilisimama mlangoni pa darasa na mhadhiri nyuma yangu, nikagonga. Mzee aliniangalia kutoka ubaoni, kifungo cha juu kimefungwa, uso hausomeki.

"Ingia," alisema. "Unajua nafasi yako."

Nilikwenda kukaa benchi la mwisho. Yule binti alisogea ukutani kama mara ya kwanza. Mwalimu aliandika mlinganyo mpya, akaweka chaki mezani, na badala ya kubaki pale alitembea. Alipita mabenchi ya mbele, akapita la tatu, akaja mpaka kwetu. Sikuwa nimewahi kumwona upande huu wa darasa. Kwa karibu alionekana mzee zaidi. Alimtazama binti na kumuuliza, taratibu, delta ya huu hapa tutaianzaje.

Binti akainamisha kichwa. Mbele kule vidole vikaanza kualika, moi monsieur, moi monsieur, kama mvua inayoanza kwenye bati. Yeye hakugeuka.

"Mikono chini. Bote."

Vidole vikanyamaza kimoja kimoja. Binti bado hakusema kitu. Na mimi jibu nilikuwa nalo, lilikuwa limenifika kwenye ulimi, na kuna kitu ndani yangu ambacho hakijakua tangu soksi nyeupe. Mzee aliyaondoa macho yake kwa binti, akayaleta kwangu, na nikaona pembe ya mdomo wake ikicheza.

"Hata wewe, mama préfet," alisema. "Mukono chini."

Nikautazama. Ulikuwa umefika begani. Nikaushusha, nikaukalia, na darasa zima tukamngoja yule binti.