Daraja la Kina Mama na Mzee Aliyejitosa Mtoni

Siku tuliyofungua daraja letu kule bondeni, upande wa Kiogoro, nawakumbuka waliokuwepo kwa majina. Alikuwepo mama yangu Bosibori, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama cha kujitolea. Baba yangu Makori, mume wake na mpinzani wake mkuu. Mwalimu Nyamweya, binamu ya baba, ambaye alifanywa karani wa kikundi kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa na kalamu yenye wino. Mzee Ondieki, jirani yetu, aliyetoa mti wake wa mkaratusi ukawa daraja. Kwamboka, mke wa mtoto wa Mzee Ondieki, bibi arusi wa juzi tu. Na mimi Kerubo, kifungua mimba wa Bosibori, miguu kama fito. Wengine walikuwa wengi, nikianza kuwataja uji wenu utapoa.

Enzi zetu, ukisema uko kwenye kikundi, watu waliangalia viganja vyako. Kina mama wale walichimba chemchemi wakaitegea bomba la mwanzi, ng'ombe wakaijua kabla ya watu. Halafu wakajenga choo cha soko. Wakakisiriba kwa udongo mwekundu na mweupe, kikapendeza mpaka watu wakaona haya kukitumia. Mzee mmoja alikuwa akifika pale anavua viatu mlangoni.

Basi wakaja kwenye daraja, na hili lilikuwa langu. Shule ilikuwa ng'ambo. Mvua za masika zikianza mto ulijaa, na sisi wasichana tulibaki nyumbani. Baba alikuwa amesema wazi, "Mtoto wangu hatamezwa na mto kwa sababu ya a e i o u. Daraja likisimama, ataenda. Lisiposimama, pareto iko shambani, achume." Kwa hiyo wenzangu walipokuwa wanabeba mawe wakilalamika, mimi nilikuwa nabeba mawili mawili.

Mti wa Mzee Ondieki ukapasuliwa, ukalazwa juu ya mto. Upana wake ulikuwa wa mtu mmoja, tena asiwe ameshiba sana. Mwalimu Nyamweya akapanga sherehe kisomi. Watu wawili waanze kila mmoja upande wake, wakutane katikati, wasalimiane kwa mkono. Upande wa juu aanze mwenye mti. Upande wa chini aanze mwanamke mwenye shingo imara, abebe chungu cha uji wa wimbi wa wageni. Mama akasema, "Kwamboka! Huyo hata umwekee nyumba kichwani haiyumbi."

Hakuna aliyefikiri. Kijiji kizima cha Abagusii, na hakuna aliyefikiri!

Nyinyi wa siku hizi niwaeleze. Sisi tuna chinsoni, ndiyo heshima ya wakwe. Mke wa mtoto wako hamgusani, hamtazamani usoni, mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Sasa juu ya mti, majani utayatoa wapi?

Walipofika katikati ndipo wakainua macho. Wakayashusha haraka. Mto peke yake ndio ulikuwa unaongea.

Mzee Ondieki akauinamia mto, akauambia, "Wewe mto, mwambie aliye mbele yangu arudi nyuma."

Kwamboka, macho chini, akakiambia chungu, "Wewe chungu, mwambie mwenye mti kwamba nikirudi kinyumenyume wageni watakunywa maji ya mto."

"Mzee, fumba macho!" mama akapiga kelele.

"Nifumbe macho juu ya gogo, Bosibori? Mnataka kunizika kwa uji?"

Baba akacheka mpaka akashika mgomba. Mzee akatazama huku, akatazama kule, akavua kofia, akaikumbatia, na akajitosa mtoni na koti lake la kanisani. Maji yakamfika kifuani. Kwamboka akapita juu yake, uji haukumwagika hata tone.

Mzee akatoka ng'ambo akitiririka. "Mti wangu ng'oeni," akasema. "Sitaogeshwa kila siku kwa ajili ya heshima."

Baba akanigeukia. "Umesikia? Pareto inakungoja." Nililia mpaka kwikwi.

Ndipo Kwamboka akaniita. Akajaza kibuyu uji, akaniambia nimpelekee mzee, pamoja na maneno haya, akimwita tata, yaani baba: "Mwambie tata, mtu akitaka kuvuka, aimbe kwanza. Aliye ng'ambo atamjua kwa sauti, atangoja."

Nikapeleka. Mzee akanywa, akapangusa ndevu. "Mwambie mimi sijui kuimba."

Nikarudi mbio. Kwamboka akasema, "Mwambie ndiyo vizuri, hatafananishwa na mtu."

Mzee akaomba kibuyu cha pili. Cha tatu kilipoisha, mti ulikuwa umesamehewa, na Mwalimu akaandika kwamba kuimba kabla ya kuvuka ni sheria ya kikundi.

Basi bonde lile likawa kanisa la kila siku. Mzee Ondieki alijua wimbo mmoja wa Sabato, na aliuimba wote, beti kwa beti, ndipo aweke mguu. Ng'ombe walikimbia. Sisi tulichelewa shule, tukachapwa, lakini tulikwenda, masika na kiangazi.

Leo kuna daraja la saruji, boda boda mbili zinapishana, na mkwe na mkwe wamepanda moja, wameshikana viuno wasianguke. Vijana wanavuka na vitu masikioni, hata ukiwasalimu hawasikii. Kikundi kipo, kiko ndani ya simu. Mjukuu wangu ni mwanachama, kazi yake ni kutuma maua na kuandika amina. Nikimuuliza wamejenga nini, ananiambia, "Nyanya, tunajenga umoja." Sawa. Nionyeshe nikanyage.

Mimi niliishia darasa la nne. Kila herufi mnayosoma hapa niliivusha kwenye gogo lile, na ng'ambo ile sasa siwaoni wa kuimba. Kama ulikuwepo na nimekosea, labda kofia ilikuwa ya mwingine, au vibuyu vilikuwa vinne, tafadhali nisahihishe. Tumebaki wachache, na mimi nitafurahi sana nikikutwa na mtu wa kuniambia, "Kerubo, hapana, haikuwa hivyo."