Mnara wa Makaa Uani kwa Guilian

Guilian aliyachukia makaa ya mawe kuliko alivyowahi kumchukia binadamu. Miaka ishirini na sita alisimama kando ya mkanda wa kusafirishia makaa mgodini, nje kidogo ya mji wa Datong, China, akichambua mawe kwenye makaa, na kila jioni alipenga kamasi nyeusi tii. Shuka lililoanikwa asubuhi lilianuliwa adhuhuri likiwa la kijivu. Mkate wa mvuke ukisahaulika mezani, ilibidi uubandue ngozi ndipo ule. Maisha gani hayo!

Siku moja aliokota jiwe lenye alama ya jani, mshipa kwa mshipa. Mhandisi akamweleza kwamba huo ulikuwa msitu uliozama kinamasini, ukakandamizwa na udongo mamilioni ya miaka hadi ukawa makaa. Mafuta na gesi navyo vilitokana na viumbe waliofukiwa chini ya bahari. Vyote vikichomwa, hewa yake hupanda na kuifunika dunia kama blanketi, joto likakosa pa kutokea.

"Kumbe tunachoma maiti," alisema Guilian, "halafu tunashangaa uvundo."

Mumewe, Tiesuo, alikuwa mchimbaji wa shimo hilohilo. Sasa mapafu yake yalijaa vumbi, na makohozi aliyoyatema koponi yalikuwa meusi, mazito, ya kunata. Daktari alionya kwamba moshi mzito wa mara moja tu ungeweza kummaliza.

Ndipo mwana wao Lei akapata mchumba. Kwao, bibi harusi huingia nyumbani kwa kuuzunguka mnara wa makaa yanayowaka, mara tatu, ili ukoo ustawi. Asubuhi ya harusi, kaka yake Tiesuo, Baowang, alileta toroli zima la makaa, akaupanga mnara uani, chini ya dirisha la mgonjwa, na kubandika karatasi nyekundu kileleni.

"Shem, lete kiberiti."

"Uchafu wako rudisha kwako."

"Harusi bila moto? Unataka bi harusi aingie kama mjane?"

"Mjane nitakuwa mimi, Kaka! Dirisha lile la nani?"

"Si mwenyewe kaniambia nipange? Muulize!"

Sauti ya Tiesuo ilitoka ndani, ikikwaruza. "Mwache... awashe. Wakwe watatucheka."

Guilian aliingia ndani, akatoka na kopo la mumewe, akaibandua karatasi nyekundu na kulitua kopo kileleni, wazi, mbele ya majirani wote.

"Haya, washa. Mzigo wa mapafuni mwake umerudi kwa mwenyewe."

Baowang aliziba mdomo, akageuka. Gari la harusi likapiga honi. Bibi harusi alishuka, akalitazama kopo, akalitazama dirisha, kisha akauzunguka mnara baridi mara tatu, amekusanya gauni lisiguse.

Wageni walipotawanyika, kabla jua halijazama, baridi ilianza kupenya. Kwenye kitanda cha udongo kinachopashwa moto kwa chini, Tiesuo alikuwa akitetemeka, meno yakigongana. Jiko la chini yake lilikuwa limezimika, na nyumba nzima haikuwa na kitu cha kuwasha isipokuwa mnara ule.

Guilian alienda uani. Aliliondoa kopo, akachukua bonge la juu kabisa, akalishika mbali na mwili wake kama panya mfu. Alilitia jikoni, akaliwasha, akafunga kijilango haraka moshi usitoke, akasugua mikono kwa sabuni hadi ikamuwasha.

"Limeshika moto?" Tiesuo aliuliza.

"Limeshika," alijibu, na kulirudisha kopo karibu na mto wake.