Mwenye Tetekuwanga Hapigwi Sindano

Kila mtu aliniambia tetekuwanga si ugonjwa. Mama mkwe, wamama wa kanisa, muuguzi wa kituo cha afya. Hata mwanamume aliyekuwa anatupikia uji pale Kabazana alimchungulia mtoto akasema, "Ah, ni hiyo tu? Batoto bote banapitaka humo." Sawa. Wa kwao walipita. Wa kwangu alikwama, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kuniambia kwamba alikosea.

Tulikuwa bado tunalala Kabazana, katika lile hema refu wanamowekwa wanaoingia Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, mpaka wapewe kiwanja. Kati ya familia na familia, ukuta ni kitenge. Tetekuwanga ilianzia upande wa mlango, ikaja mkeka kwa mkeka, na mimi naiona inakuja, sina pa kumpeleka mtoto. Binti yangu alikuwa bado mdogo, ameachishwa ziwa juzijuzi tu. Vipele vilianza tumboni, vikapanda kifuani, vikaingia mpaka kwenye nywele.

Mume wangu alikuwa ametangulia mjini Mbarara, anasukuma toroli katika mtaa wa Nyamityobora. Mkubwa wa nyumba, kama kitenge kinaweza kuitwa nyumba, alikuwa mama yake.

Kwa watu wa mama mkwe, huko Kivu ya Kusini, ugonjwa wa vipele una sheria zake. Mtoto haogeshwi. Hanyolewi. Anapakwa siagi ya ng'ombe na kufunikwa blanketi mpaka kipele cha mwisho kitoke. Na zaidi ya yote, hapigwi sindano. Sindano inavirudisha vipele ndani, vinakwenda kukaa kwenye moyo, mtoto anakufa. Mimi nimesoma sekondari, upande wa biolojia na kemia. Nilichora mikrobi kwenye daftari, mwalimu akanisifu mbele ya darasa. Ilinisaidia nini? Nilileta beseni la maji ya chumvi, mama mkwe akaninyang'anya akayamwaga nje.

"Weye unataka kuniulia mujukuu?"

"Mama, mutoto ananuka. Anajikuna mpaka damu."

"Wacha anuke. Bikitoka byote ataoga. Ni masomo gani ile ulisomaka, yenye haikukufundisha kungoja?"

Wamama wa kanisa waliokaa kwenye mkeka wetu wakacheka. Mmoja akaongeza, "Huyu ni dokta yetu, mumuheshimu." Nilitamani kumrushia lile beseni. Lakini ukimtukana mama mkwe mbele ya watu wa kanisa, ndani ya hema ambamo kila mtu anasikia, utalala wapi? Nikakaa nikimshika binti yangu mikono asijikune.

Kipele kimoja kikatoka kwenye ukingo wa jicho la kushoto. Jicho likavimba, likafunga, likaanza kutoa usaha. Nikambeba kwenda kituo cha afya. Nilikaa kwenye foleni mpaka jua likageuka. Muuguzi, Mganda, alimtazama akiwa upande wa pili wa meza.

"Hii iko kitu kidogo, mama. Itaisha yenyewe. Wewe pea yeye Panadol."

"Na jicho?"

"Dawa ya macho imekwisha. Rudi wiki kesho."

"Wiki kesho jicho litakuwa wapi?"

"Mama, usinipigie kelele. Ona hii watu nyuma yako. Yote iko na malaria. Wewe ndiyo unakufa peke yako?"

Niligeuka nikawaona. Mwanamke aliyenifuata alikuwa na mtoto aliyelegea shingo kabisa. Hasira niliyokuja nayo ikakosa mtu wa kumwangukia. Nikachukua Panadol zangu nikaondoka.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa na dawa yake. Alimwita jirani mwenye mtoto mchanga, na yule dada akakamulia maziwa ya ziwa lake ndani ya jicho la binti yangu. Alifanya kwa roho nzuri, akiniambia pole, pole sana. Nilijaribu kumchukia nikashindwa. Jicho halikufunguka. Homa ikapanda, mtoto akaacha kulia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu mtoto anayelia bado ana nguvu ya kukataa.

Asubuhi, mama mkwe alipokwenda kwenye maombi, nilimfunga mtoto mgongoni nikatoka. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mwanamke wa uchungu wa kuzaa. Nikasimama barabarani mpaka ikapita pikapu ya wachukua maziwa, inakwenda Mbarara. Dereva alikubali, lakini alipoona uso wa mtoto alishtuka.

"Funika yeye! Funika kabisa! Watu ya maziwa wakiona hiyo, nani atanunua?"

Basi nikakaa nyuma katikati ya makopo ya maziwa, binti yangu amefunikwa gubigubi kama kitu cha wizi, nikiweka mkono chini ya blanketi kila mara nisikie kama anapumua.

Mbarara, mume wangu, niliyempigia simu njiani, alitukuta hospitalini. Daktari alifungua kope kwa vidole, akamulika tochi. Akasema vidonda vimeingia uchafu, uchafu umekula jicho, na mtoto aanze sindano sasa hivi. Muuguzi akaleta sinia. Na simu ya mume wangu ikalia.

Nilijua ni nani kabla hajaipokea. Alisikiliza, akaniangalia, akamwambia muuguzi, "Tungoje kwanza. Mama anasema bisirudi ndani, bimalizike kutoka kwanza."

"Mama gani?" muuguzi akauliza. "Mama si ndiye huyu?"

"Mama yangu."

"Basi mukubaliane. Mimi niko na wagonjwa." Akasukuma kitoroli chake kwenda kitanda kingine.

Nilimshika mume wangu shati. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia, kama moyo wa mtoto utasimama, na wangu usimame, lakini sindano atapigwa. Alikaa chini kwenye korido akashika kichwa, mwanamume mzima, akiogopa mama yake upande huu na kifo upande ule. Nilimfuata muuguzi. Nilishika mkono wa binti yangu mwenyewe wakati sindano inaingia.

Moyo haukusimama. Homa ilishuka, vidonda vikakauka. Alianza kula, akaanza kulia tena, nikashukuru Mungu kwa kelele zile. Kisha bandeji ya jicho ikatolewa. Kwenye mboni palikuwa na ukungu mweupe. Nilimziba jicho la kulia kwa kiganja, nikamwonyesha biskuti. Hakunyoosha mkono. Aligeuza shingo, akageuza tena, mpaka jicho zima likachungulia pembeni ya kidole changu, ndipo akaikamata. Daktari alisema tulichelewa. Alitumia neno "mulichelewa," na mimi ndiye niliyekuwa mbele yake, kwa hiyo lilikuwa langu.

Tuliporudi Nakivale, mama mkwe alimpokea mtoto, akamtazama, akalia kweli. Machozi yake hayakuwa ya uongo. Halafu akasema, "Muliona? Niliwaambia bitarudi ndani. Bimerudi mu jicho."

Nilimweleza yote: usaha, uchafu, maneno ya daktari, ile biolojia yangu. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza ubaoni. Akaniuliza swali moja: kabla ya sindano, kuna mtu alisema jicho limekufa? Hakuna. Baada ya sindano? Ndiyo.

Mume wangu alikuwapo. Akambeba mtoto akatoka naye nje.

Sasa tuna kiwanja chetu na nyumba ya udongo. Tetekuwanga inarudi kila inapotaka, na wamama wageni wanakuja kanisani na watoto wenye vipele, wakiuliza wafanye nini. Wanaonyeshwa binti yangu. Anaitwa mbele, anashikwa kidevu, uso unageuzwa kuelekea mwanga wapate kuona vizuri. "Huyu walimupiga sindano," wanaambiwa. Nilisimama mara moja nikasema si kweli. Mchungaji akaniomba nikae, kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mfiwa.